Mafundi wa Uso wa Shaba

Kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba kinashikwa kwa kibanio na kusuguliwa kwa msasa: kwanza wa chembe kubwa, kisha wa kati, kisha ule laini ambao ukiupapasa unadhani ni karatasi tu. Kikitoka hapo kinatumbukizwa ndani ya asidi ya fosfori iliyokolea, ya asilimia 85, na kuunganishwa na upande chanya wa umeme. Fundi anasubiri. Shaba inaanza kuyeyuka polepole, na karibu na uso wake unajengeka utando mzito wa majimaji ya buluu. Vilima vilivyoachwa na msasa vinachomoza kwenye utando huo na kuyeyuka upesi. Mabonde yaliyozama ndani yake yanachelewa. Hivyo uso unajisawazisha wenyewe. Baada ya dakika chache, shaba iliyoingia na mikwaruzo inatoka iking'aa hata unaweza kujitazamia. Inasuuzwa kwa maji yaliyotakaswa na kupelekwa kazini haraka, maana hewa ya chumbani pekee inatosha kuanza kuivika kutu ambayo jicho haliioni.

Hapo bado hakijatengenezwa kitu. Kazi yenyewe huanza shaba ile inapozamishwa kwenye maji yenye bikaboneti ya potasiamu, hewa ukaa ikipulizwa humo, na umeme ukipitishwa, safari hii shaba ikiwa upande hasi. Vipovu vinatoka usoni pake. Ndani ya vipovu hivyo mna methani, ethilini na hidrojeni. Ndani ya maji hubaki ethanoli na fomati, yaani chumvi ya asidi fomiki. Hewa ile ile inayotoka kwenye bomba la moshi wa gari na kwenye pumzi zetu imegeuzwa malighafi ya kiwanda, na shaba yenyewe haikuliwa. Ndiyo maana inaitwa kichocheo.

Ninaandika haya Mutanga Sud, mtaa wa mteremkoni hapa Bujumbura, jirani na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Siku anga ikiwa safi unaliona Ziwa Tanganyika na, ng'ambo yake, milima ya Uvira. Wanafunzi wa sayansi wanapita hapa na makoti yao ya maabara mkononi, na mara nyingi nimefikiri kwamba ufundi huu wa shaba ungewafaa mno, kwa sababu unadai kitu ambacho fedha peke yake hainunui: uvumilivu wa kusafisha, kupima na kusafisha tena.

Hewa ukaa safi haitafutwi mbali. Bia ya Brarudi hutoka kwenye matangi ambamo hamira hugeuza sukari kuwa kilevi, na kwa kila molekuli ya kilevi hutoka molekuli moja ya hewa ukaa. Huko kaskazini, maji ya kina ya Ziwa Kivu yameshika takriban kilomita za ujazo 300 za hewa hiyo, pamoja na 60 hivi za methani. Mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi, wa megawati 26, umekuwa ukifua umeme kwa methani hiyo tangu 2016, na sehemu kubwa ya hewa ukaa hurudishwa ziwani. Watu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku, pale inapojikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo. Kyejo, wilayani Rungwe, kampuni ya TOL huivuna kutoka ardhini, na Kereita nchini Kenya Carbacid hufanya vivyo hivyo.

Ugumu uko kwenye molekuli yenyewe. Atomu moja ya kaboni iko katikati, oksijeni mbili pembeni, zote tatu kwenye mstari mmoja ulionyooka, na vifungo vyake ni imara sana. Kuisukumia elektroni ya kwanza ikiwa peke yake majini kunahitaji volti zipatazo 1.9 chini ya sifuri ya elektrodi ya hidrojeni. Kabla hujafika huko, maji yenyewe yameshakimbilia elektroni zako na kuzigeuza hidrojeni. Kwa hiyo lazima pawe na uso wa metali wa kuipokea molekuli, kuipinda, na kuishika wakati inapewa elektroni zake moja moja. Ethilini moja inataka elektroni 12. Methani inataka 8. Zikikosekana hata mbili njiani, unapata kitu kingine kabisa.

Ethilini, nikumbushe, si ngeni kwetu. Ndiyo gesi ambayo ndizi huitoa zenyewe zikiiva, na ndiyo sababu wapishi wa urwarwa, pombe ya ndizi, huzifukia shimoni, gesi isitawanyike. Viwandani ndiko polithini inakotoka, na kiasi kikubwa mno hutengenezwa kila mwaka kutokana na mafuta na gesi ya ardhini.

Aliyefungua mlango wa ufundi huu ni Yoshio Hori wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani. Mwaka 1985, pamoja na Katsuhei Kikuchi na Shin Suzuki, alichapisha taarifa fupi: walichukua metali mbalimbali, wakazipa maji yale yale na hewa ile ile, kisha wakapima kila kilichotoka. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yao. Tofauti ya Hori ni kwamba alihesabu kila elektroni iliyoingia na kudai kujua ilikokwenda. Jedwali alilochapisha na wenzake mwaka 1994 bado linasomwa kila siku maabarani. Kwenye dhahabu, asilimia 87 ya umeme ilikwenda kwenye monoksaidi ya kaboni. Kwenye fedha, 81. Bati ilitoa fomati kwa asilimia 88, na risasi kwa 97. Nikeli, chuma na platini zilitoa hidrojeni, karibu hakuna kingine. Shaba ikasimama peke yake: methani 33, ethilini 25, hidrojeni 20, fomati 9, ethanoli karibu 6.

Kwa nini shaba? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hewa ukaa ikishapoteza oksijeni moja, kinachobaki usoni pa metali ni monoksaidi ya kaboni, na huyo ndiye mgeni wetu. Dhahabu na fedha humkaribisha kwa ulegevu, naye huondoka siku ya pili kabla hajashika jembe. Nikeli, chuma na platini humng'ang'ania. Wageni hujaa nyumba nzima, hakuna anayelima, na nafasi chache zilizobaki huishia kutoa hidrojeni. Shaba humshika kiasi cha kutosha kufikia siku ya tatu, akapewa kazi: akaunganishwa na hidrojeni, au akakutana na mwenzake wakawa kaboni mbili. Msingi wa fikra hii uliwekwa na Paul Sabatier wa Toulouse, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1912. Mwaka 2010 Andrew Peterson, Jens Nørskov na wenzao waliifuata hatua kwa hatua kwa hesabu za kompyuta, wakaonyesha kwamba hatua nzito kuliko zote ni kumpa mgeni yule hidrojeni yake ya kwanza.

Ukilisoma jedwali la Hori ukiwa Bujumbura, unaona majirani. Bati inachimbwa Kivu na Maniema. Nikeli imelala chini ya Musongati, upande wa Rutana, ikisubiri tangu ilipogunduliwa miaka ya 1970. Shaba ni ya Katanga, ambako wahunzi waliiyeyusha na kuimimina katika kalibu za msalaba karne nyingi kabla ya makampuni ya Kibelgiji, na ambako Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyefuata biashara ya shaba, aliishia kuwa mfalme pale Bunkeya. Wahunzi wale walishughulika na uzito wa shaba: joto la tanuru, mtiririko wake, kalibu. Mafundi ninaowasifu hapa wanashughulika na tabaka la atomu chache tu za juu. Zilizobaki chini, kwao, ni kishikizo.

Nikeli haikuachwa na aibu ya jedwali, na hili linanifurahisha sana. Imegundulika kwamba atomu za nikeli zikitenganishwa moja moja, kila moja ikashikwa na atomu za nitrojeni ndani ya unga wa kaboni, tabia inabadilika kabisa. Mgeni hagandi tena. Umeme zaidi ya asilimia 90 unaweza kwenda kwenye monoksaidi ya kaboni, na metali iliyokuwa ya hidrojeni tu ikashindana na dhahabu. Hakuna kilichobadilika ila ujirani wa atomu.

Lakini sura ninayoipenda kuliko zote ni ile ya uchafu.

Baada ya taarifa ya Hori, maabara kadhaa zilirudia kazi yake na kuona jambo la kukatisha tamaa. Mwanzoni shaba ilitoa methani na ethilini vizuri. Muda ukipita zilififia, ikabaki hidrojeni. Wapo waliosema shaba inajiziba yenyewe kwa masizi ya kaboni au kwa vitu vinavyozaliwa katikati ya kazi. Ikiwa hivyo, basi kasoro ni ya shaba na haina dawa. Hori hakukubali. Yeye na wenzake walizitazama elektrodi zilizochoka, na mwaka 2005 wakaeleza kwa urefu walichokiona: chuma na zinki. Metali hizo zilikuwa zimetoka kwenye chumvi zenyewe, chumvi zilizonunuliwa zikiwa zimeandikwa safi, zikaogelea majini na kutua juu ya shaba mara umeme ulipowashwa.

Piga hesabu uone jinsi kidogo kinavyotosha. Sentimita moja ya mraba ya uso wa shaba ina atomu zipatazo milioni bilioni moja na nusu. Kuufunika uso huo wote kwa tabaka moja la atomu za chuma kunahitaji mikrogramu 0.14 ya chuma. Kama maji yako ni mililita 100, hiyo ni takriban sehemu moja na nusu katika bilioni. Maji ya bomba ya Bujumbura, yanayovutwa kutoka Ziwa Tanganyika na kutibiwa, hayawezi kusogelea kazi hii. Hata chupa iliyosuuzwa vibaya ingetosha kuiharibu.

Dawa ya Hori ilikuwa ya kifundi hasa. Kabla shaba haijaingia, maji yenye chumvi yanapewa elektrodi nyingine, ya platini nyeusi yenye vinyweleo vingi, na umeme unaachwa ukipita kwa saa nyingi. Chuma na zinki vinavutwa na kutua huko. Elektrodi hiyo inaondolewa na uchafu wake, na ndipo shaba inapoingia kwenye maji yaliyokwisha kusafishwa na umeme. Anayetazama kwa mbali ataona mtu aliyekaa usiku kucha akipitisha umeme kwenye maji bila kutengeneza chochote. Mwaka 2015 Anna Wuttig na Yogesh Surendranath, huko MIT, walionyesha njia nyepesi zaidi: tia EDTA kidogo majini, izikamate ayoni za metali chafu zisitue. EDTA ni ile ile ambayo mwanafunzi yeyote wa kemia huitumia kupima ugumu wa maji.

Miaka 20 ilipita kati ya taarifa ya kwanza na maelezo yale ya 2005. Mtu aliyekuwa na haki ya kujivunia ugunduzi alikubali kuendelea kufuatilia uchafu wa sehemu moja katika bilioni, ili wengine wakirudia wapate alichopata yeye. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa zaidi katika ufundi wote huu, kubwa kuliko ugunduzi wenyewe.

Uso ukishakuwa safi, linakuja suala la umbo. Fuwele ya shaba ukiikata upande mmoja, atomu zake zinakaa kwa mpangilio wa miraba. Ukiikata upande mwingine, zinakaa kwa pembetatu. Hori na wenzake walionyesha kwamba miraba hupendelea ethilini, na pembetatu methani. Metali ni ile ile, ila imekatwa kwa mshazari tofauti. Waliokuja baadaye wakauliza: je, hatuwezi kukuza punje za shaba zenye nyuso za miraba tu? Punje hiyo ni mchemraba. Kundi la Raffaella Buonsanti, kule Uswisi, lilikuza michemraba ya nanomita 24, 44 na 63, likaipima yote, na ya 44 ikashinda kwa ethilini. Miaka miwili baadaye, 2018, kundi hilo hilo lilitangaza bila kuficha kwamba michemraba yao huvunjika na kupoteza umbo umeme unapoendelea kupita. Ninawaheshimu kwa taarifa zote mbili, na zaidi kwa ya pili.

Njia ya Christina Li na Matthew Kanan wa Stanford, mwaka 2012, ilikuwa karibu kinyume cha kung'arisha. Walichukua kipande chembamba cha shaba wakakichoma hewani kwa nyuzi 500 kwa saa 12, hadi kikafunikwa na kutu nzito nyeusi. Anayethamini shaba angedhani imeharibiwa. Kisha umeme ukaiondoa oksijeni ile, ikabaki shaba tena, lakini iliyosokotwa upya, imejaa mipaka ya punje kwa punje, nayo ikaweza kuigeuza hewa ukaa kwa msukumo mdogo wa umeme kuliko shaba iliyong'arishwa.

Kupima nako ni ufundi. Kundi la Thomas Jaramillo, huko huko Stanford, ambamo Kendra Kuhl ndiye aliyeongoza kazi hiyo ya 2012, lilipekua matokeo ya shaba na kukuta mazao 16 tofauti, mengine kwa kiasi kidogo mno. Fikiria ukubwa wa mambo. Ampea moja ikipita saa nzima, bila elektroni hata moja kupotea, inakupa ethilini isiyofika gramu 0.09. Katika kiasi kama hicho, kaboni kidogo iliyotoka kwenye gundi, kwenye mpira wa kizibo au kwenye kidole inaweza kukudanganya kwamba umefanikiwa. Kwa hiyo mafundi waaminifu hurudia jaribio kwa hewa ukaa iliyotengenezwa kwa kaboni 13, ambayo ni nzito kidogo, na kuangalia kama zao nalo limetoka zito. Likitoka jepesi, kaboni ilitoka kwingine.

Mambo ya ukubwa wa kiwanda nitayapitia haraka. Lita moja ya maji hushika gramu moja na nusu tu ya hewa ukaa, kwa hiyo shaba iliyozama hufa njaa mara unapoongeza umeme. Kundi la Edward Sargent, Toronto, lilipaka shaba nyembamba kwenye utando wenye vinyweleo, gesi upande mmoja na majimaji upande wa pili. Mwaka 2018 walitangaza ethilini kwa asilimia 70 ya umeme, kwa saa 150 mfululizo. Ni hatua kubwa. Hata hivyo katika majimaji ya alkali sehemu kubwa ya hewa ukaa hugeuka kaboneti kabla ya kufika kazini, hata kinadharia ni robo tu inayoweza kuwa ethilini kwa mpito mmoja. Na umeme ni deni zito: kilo moja ya ethilini inadai angalau kilowati-saa 13 kwa sheria za asili zenyewe, na mitambo ya leo hudai mara kadhaa ya hizo. Kwa mitambo hiyo ya leo, bwawa letu la umeme la Rwegura, kwa megawati zake 18 zote, lingefanya kazi saa nzima bila kumaliza tani moja. Atakayesema kwamba teknolojia hii itaisafisha anga kesho, msimsadiki. Inahitaji umeme wa ziada usiotokana na kuchoma chochote, na Burundi bado haina umeme wa kutosha majumbani.

Hilo halipunguzi heshima yangu kwa kazi yenyewe, na halimzuii mwanafunzi wa Mutanga kuianza. Shida ya shaba ni kwamba mazao yake mengi ni gesi, na kuyatenganisha kunataka kromatografu, mashine ya bei kali inayotaka pia matunzo na gesi safi kila siku. Ningewaomba wakuu wa vyuo vya Bujumbura, Lubumbashi, Makerere na Dar es Salaam wakubaliane kuchangia moja na kupokezana zamu. Lakini wakati tukiisubiri, naomba walimu wa maabara waanze na bati. Bati hutoa zao moja kubwa, fomati, nalo hubaki majini. Huhitaji kromatografu kuipima: permanganeti ya potasiamu na bureti vinatosha, na hivyo kila mwalimu wa kemia anavijua. Mwanafunzi ang'arishe kipande chake, asafishe maji yake kwa umeme usiku mzima, apime, kisha afananishe namba yake na ile 88 ya Hori. Ikitoka ndogo, atafute chuma na zinki ndani ya maji yake kabla ya kuilaumu metali.